Mashine Iliyoungua na Mchoro Ulio Wazi: Ushauri kwa Mwenye Karakana Ndogo

Mwaka 2016 mimi na mwenzangu tulinunua mashine ya kuchonga mbao inayoongozwa na kompyuta, mashine iliyokwisha kutumika, kwa fedha tulizodunduliza kwa karibu miaka miwili. Ilifanya kazi kwa miezi mitano. Usiku mmoja umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu iliyopita kiasi, na asubuhi tulipoiwasha haikuitika. Mota zake tatu zilikuwa nzima, reli zilikuwa nzima, na mota inayozungusha kisu ilikuwa nzima. Kilichoungua kilikuwa bodi moja ya elektroniki yenye ukubwa wa kiganja, iliyofichwa ndani ya sanduku na kumiminiwa gundi nyeusi ili asiwepo wa kuona vipande vyake. Muuzaji alitueleza kwamba bodi hiyo haiuzwi peke yake, kwamba mchoro wa nyaya zake haupewi mteja, na kwamba njia iliyobaki ni kuagiza sanduku zima kutoka nje kwa bei iliyokaribia nusu ya bei ya mashine. Tuliifunika turubai, ikakaa kwenye kona ya karakana yetu hapa Dar es Salaam kwa miezi minane.

Aliyeifufua ni kijana wa jirani aliyekuwa akisomea umeme chuoni. Alikuja na bodi ya Arduino, kompyuta ndogo ya kuongozea vifaa, ile ya rangi ya buluu ambayo nakala zake huuzwa katika maduka ya elektroniki ya Kariakoo, akaiwekea programu ya kuongoza mashine za kuchonga inayoitwa GRBL, ambayo Mnorway Simen Svale Skogsrud aliianzisha mwaka 2009 na kuiacha wazi kwa kila mtu, kisha akanunua viendeshi vitatu vya mota na kifaa kipya cha kuilisha mashine umeme. Kazi ilimchukua majuma mawili, na sehemu kubwa ya muda huo ilikwenda katika kutafuta waya upi wa mota unaoungana na upi, kwa kuwa mtengenezaji hakuacha maandishi yoyote. Mashine ile inachonga hadi leo. Bodi yake imekwisha kuungua mara mbili tangu wakati huo, na mara zote mbili tulikwenda dukani asubuhi tukarudi kazini mchana.

Naandika makala haya kwa ajili ya fundi, mwalimu wa ufundi au kijana mwenye mtaji mdogo anayefikiria kuanzisha uzalishaji wa vitu halisi, vya kushikika, na ambaye amesikia habari za maunzi huria lakini hajui aanzie wapi wala aamini lipi. Jambo ninalotaka alishike ni hili: kwa karakana ndogo, faida ya mchoro ulio wazi haiko katika kuupata bure. Iko katika uwezo wa kuitengeneza mashine inapoharibika, kuibadilisha ifae kazi ya mahali ulipo, na kumpa mwenzako wa mji mwingine aendelee pale ulipoishia. Mchoro usiokupa mambo hayo matatu haujakusaidia, hata kama hukuulipia senti.

Maunzi huria ni kifaa chochote ambacho mtengenezaji wake ametoa hadharani michoro, orodha ya vipande, mpango wa nyaya na programu inayokiendesha, pamoja na leseni inayomruhusu mtu yeyote kukiunda, kukibadilisha na hata kukiuza. Arduino, iliyoanzia katika mji wa Ivrea nchini Italia mwaka 2005, ni mfano unaojulikana zaidi. Katika mwaka huohuo Adrian Bowyer wa Chuo Kikuu cha Bath nchini Uingereza alianzisha mradi wa RepRap, uliokusudia kuunda printa ya 3D, yaani mashine inayojenga vitu vya kushikika kwa plastiki, inayoweza kuchapa sehemu kubwa ya vipande vyake yenyewe, na kufikia mwaka 2008 mashine ya kwanza ya mradi huo ilikuwa imechapa vipande vya plastiki vya mwenzake. Njia ya kuyeyusha uzi wa plastiki na kuujenga tabaka juu ya tabaka ilikuwa chini ya hataza, yaani haki ya kisheria ya kuwazuia wengine wasiige uvumbuzi, ya kampuni ya Stratasys ya Marekani, na hataza hiyo ya msingi ilipoisha muda wake mwaka 2009, mashine ambazo awali ziliuzwa kwa bei ya gari zilianza kuuzwa kwa bei ya pikipiki, na baadaye kwa bei ya simu nzuri.

Kuna jambo moja katika historia ya RepRap ambalo kila mtu anayebuni kifaa kwa ajili ya mafundi wetu angepaswa kulizingatia. Wabunifu wake walijenga fremu kwa fito za chuma za milimita 8 zenye nyuzi kama za skrubu na beringi za namba 608, si kwa sababu hivyo ndivyo vipande bora kuliko vyote, bali kwa sababu vinapatikana karibu katika kila duka la vifaa duniani. Nimeikataa michoro mingi mizuri kwa sababu ya kipande kimoja tu. Uko mchoro wa mashine ya kusaga chupa za plastiki ambao niliupenda sana, mpaka nilipoona kwamba unahitaji shafti ya pembe sita ya kipimo ambacho hakuna muuza vyuma wa eneo la Gerezani, hapa mjini, aliyewahi kukisikia. Kabla hujaupakua mchoro, chukua orodha ya vipande vyake, tembea nayo madukani siku moja nzima, na uweke alama kwenye kila kipande ulichokiona kwa macho yako. Vipande vitatu au vinne vya kuagiza vinavumilika. Vikifika kumi, mashine hiyo itakuwa yako kwa jina tu, kwa maana uhai wake utakuwa mikononi mwa meli na ofisi za forodha.

Jambo la pili la kukagua ni aina ya faili unazopewa, na hapa wengi hudanganyika. Ukiingia katika tovuti za kubadilishana michoro utakuta maelfu ya vitu vilivyoandikwa kuwa ni huria, lakini unachopata ni faili ya STL peke yake. Faili ya namna hiyo ni ganda la nje la umbo, lililogawanywa kuwa pembetatu nyingi ndogo. Unaweza kulichapa lakini huwezi kulihariri kwa urahisi. Ni sawa na kupewa mkate uliokwisha kuokwa huku unga na vipimo vikibaki kwa mwokaji. Ukitaka tundu la milimita 6 liwe la milimita 8, unalazimika kuchora upya. Tafuta miradi inayotoa faili za asili, zile zilizochorwa kwa FreeCAD au OpenSCAD, programu ambazo zote mbili hazina malipo. Kwa OpenSCAD umbo huandikwa kama maelekezo yenye namba, kwa hiyo mtu asiyejua kuchora kwa kompyuta anaweza kubadilisha namba moja na umbo zima likajirekebisha. Mwanafunzi wetu aliyeishia kidato cha nne alijifunza kufanya hivyo kwa siku tatu.

La tatu ni leseni, na naomba usiliruke kwa kudhani kwamba ni mambo ya wanasheria. CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kilichoko Geneva, kilitoa leseni ya maunzi huria mwaka 2011, na toleo la pili la mwaka 2020 lina sura tatu: moja inamtaka anayebadilisha mchoro atoe mabadiliko yake kwa masharti yaleyale, nyingine inalegeza sharti hilo kwa kiasi, na ya tatu inamwachia mtu afanye apendavyo ilimradi ahifadhi taarifa za leseni na majina ya waliotangulia. Kwa michoro yetu tunatumia ile ya kwanza. Sababu yetu inatokana na jambo lililotokea hadharani. Kampuni ya MakerBot ya New York ilianzishwa mwaka 2009 na watu ambao baadhi yao walitoka ndani ya RepRap, ikauza mashine zenye michoro wazi, na watumiaji wengi wakaichangia maboresho kwa moyo mweupe. Ilipotoa mashine yake ya Replicator 2 mwaka 2012 ikaacha kutoa michoro, na mwaka uliofuata ikanunuliwa na Stratasys, kampuni ileile iliyokuwa na hataza niliyoitaja. Watu waliochangia walihuzunika, nami nikisoma habari zao nilihuzunika pamoja nao. Mchango wa fundi mdogo ni jasho lake, na leseni inayodai urejeshaji ndiyo ngao pekee aliyo nayo asiyeweza kwenda mahakamani kwa miaka mingi.

Msidhani hata hivyo kwamba wazo hili limeletwa kwetu na watu wa kompyuta. Mnamo miaka ya 1980 mafundi wa jua kali wa Nairobi walianza kutengeneza jiko la mkaa lenye kiuno chembamba, la bati kwa nje na udongo wa kuchomwa kwa ndani, kwa kuchanganya jiko la zamani la bati na wazo lililotoka kwenye jiko la ndoo la Thailand. Halikufungiwa kwa hataza. Mafundi wa Shauri Moyo na Kamukunji walinakiliana, wafinyanzi wakajifunza kuchoma udongo wa ndani, na umbo hilo likavuka mipaka hadi Tanzania, Uganda, Rwanda na mbali zaidi. Hakuna kiwanda kimoja ambacho kingeweza kulifikisha jiko hilo katika masoko mengi namna hiyo kwa bei ile. Lakini historia hiyohiyo ina upande wa pili ambao ni lazima usemwe: palipokuwa na haraka na ushindani wa bei, udongo ulichomwa vibaya ukapasuka baada ya majuma machache, bati likawa jembamba, na mnunuzi hakuwa na njia ya kutofautisha jiko zuri na bovu kwa kulitazama tu. Umbo lilisafiri, kipimo cha ubora hakikusafiri nalo. Kwa sababu hiyo kila mchoro tunaoutoa sisi unaambatana na jaribio la kupima: kipande kibebe uzito gani, kwa muda gani, katika joto gani, ndipo kihesabiwe kuwa kimefaa.

Printa yetu ya kwanza ya 3D tuliijenga mwaka 2018, na nusu ya vipande vyake vilitoka katika mashine mbovu za ofisini tulizonunua kwa kilo. Fito laini za chuma na mikanda ya printa za karatasi ni mali nzuri inayotupwa kila siku. Hatukuwa wa kwanza: mwaka 2013 Kodjo Afate Gnikou wa Lomé, Togo, alikwisha kuunda printa ya 3D kwa taka za elektroniki, na hapa Dar es Salaam karakana ya STICLab nayo imejenga printa zake kwa njia hiyohiyo. Tukaanza kutafuta kazi.

Kosa letu la mwanzo lilikuwa kuchapa vitu vya kupendeza. Tulitengeneza vishikio vya simu kwa ajili ya madereva wa bajaji, tukavitumia plastiki ya PLA kwa kuwa ni rahisi kuchapa, na tukauza vishikio 40 kwa furaha kubwa. Ndani ya juma moja vilianza kurudi vikiwa vimepinda kama nta. PLA hulegea ikifika karibu nyuzi 60 za Selsiasi, na kioo cha mbele cha bajaji iliyoegeshwa juani hapa mjini hukifikisha kishikio katika joto hilo bila shida. Tulirudisha fedha za watu wote, tukachapa upya kwa PETG ambayo huvumilia hadi karibu nyuzi 80, na tangu siku hiyo hakuna plastiki tunayoitoa karakanani kabla haijakaa siku mbili juani ikiwa imebeba mzigo. Pwani kuna adui mwingine, unyevu. Uzi wa plastiki hunyonya maji ya hewani, na ukisikia nozeli, mdomo unaotoa plastiki iliyoyeyuka, ikitoa milio midogo kama mafuta yanayokaangiwa, na kipande kikatoka na nyuzinyuzi, ujue uzi umelowa. Tunahifadhi mizunguko yetu ya uzi katika ndoo zenye vifuniko vinavyobana, pamoja na vifuko vya kukausha unyevu.

Kazi iliyotupa riziki ya kwanza ilitoka kwa wauza juisi. Chini ya jagi la blenda kuna kiungo kidogo chenye meno kinachopokea mzunguko wa mota, na kiungo hicho ndicho hufa kwanza. Wengi hutupa blenda nzima kwa sababu ya kipande ambacho uzito wake ni gramu chache. Tulichapa cha PLA, kikayeyuka kwa msuguano siku ya pili. Tukachapa cha PETG, meno yakavunjika baada ya majuma matatu, kwa kuwa plastiki ngumu haipunguzi mshtuko wa barafu. Tulipotumia TPU, plastiki inayonyumbuka kama soli ya kiatu, kikadumu. Baada ya hapo tulipima kwa kalipa viungo vya blenda kumi na moja za aina mbalimbali, tukaandika mchoro mmoja ambao mtu hubadilisha namba nne tu ili kupata kila aina. Kipande hicho hakigusi chakula, nami nasisitiza hilo, kwa sababu mianya midogo iliyo kati ya matabaka ya plastiki iliyochapwa hushika uchafu na haioshwi ikatakata. Tumekuwa tukiwakataa watu wanaotaka tuwachapie vikombe na vijiko.

Hapo ndipo nilipoanza kuona mwelekeo wa biashara hii. Mashine ya kiwanda hupiga kiti cha plastiki kwa muda usiozidi dakika chache, wakati printa yetu hutumia saa tatu kuchapa kiungo cha blenda na saa kumi kuchapa gia kubwa. Mwenye karakana ndogo anayejaribu kushindana na kiwanda kwa ndoo, viti au vibanio vya nguo atafilisika, na mchoro ulio wazi hautamwokoa. Lakini kiwanda hakiwezi kutengeneza vipande 30 vya aina moja, kwa sababu kalibu ya chuma ya kumiminia plastiki ina gharama ambayo hurudi tu kwa kuuza maelfu. Eneo letu liko hapo: kuanzia kipande kimoja hadi mamia machache, kwa mteja aliye karibu, mwenye mashine iliyosimama na anayepoteza kipato kila siku inayopita. Mteja wa namna hiyo hakuulizi kwa nini kipande chako ni ghali kuliko cha dukani, maana dukani hakipo.

Sehemu iliyonifunza zaidi ni ile ambayo printa haitoi bidhaa yenyewe kabisa. Mteja mmoja alikuwa na mashine ya kupukuchua mahindi ambayo puli yake ya kipenyo cha milimita 200 ilipasuka, na plastiki haiwezi kazi hiyo. Umbali wa dakika kumi kwa miguu kutoka kwetu wapo mafundi wanaosubu masufuria kwa alumini chakavu. Wanayeyusha kwa mkaa na kipulizio, wanamwaga katika mchanga, na ujuzi wao wa kusoma rangi ya moto ni wa miaka mingi. Tatizo lao la siku zote ni kiolezo. Wakitaka kutengeneza umbo jipya, lazima wapate kitu kilichopo wakikandamize mchangani, kwa hiyo wanaweza kunakili tu na si kubuni. Tukachapa kiolezo cha puli kwa plastiki, tukawapelekea.

Jaribio la kwanza liliharibika kwa namna mbili. Kiolezo kiling'ang'ania mchanga, kwa sababu mistari ya matabaka inashika kama msasa na kuta zake zilisimama wima kabisa. Na puli iliyotoka ilikuwa na kipenyo cha milimita 197 na kitu, kwa kuwa alumini ikipoa husinyaa kwa takribani asilimia 1.3, jambo ambalo mzee wa pale alilijua kwa mkono wake ingawa hakulijua kwa hesabu. Alituambia, "Fanya kubwa kidogo, chuma kinajikusanya." Tukarudi kwenye mchoro, tukakuza kila kipimo kwa asilimia hiyo, tukaziinamisha kuta kwa nyuzi mbili, tukaacha ziada ya milimita tatu mahali pa kukereza, na mfereji wa mkanda tukauondoa kabisa ili aukate mkereza baadaye, maana kiolezo chenye mfereji ubavuni hakitoki mchangani bila kuubomoa. Kiolezo cha pili tulikipiga msasa na kukipaka vanishi mara tatu. Kilitoka mchangani kikiwa safi. Puli ikaenda kwa mkereza wa mtaa wa pili, akatoboa shimo la shafti na kukata mfereji, na mashine ya mahindi ikarudi kazini siku ya tano.

Nimelieleza jambo hili kwa urefu kwa sababu naamini kwamba mustakabali wa uzalishaji mdogo katika miji yetu unafanana zaidi na mnyororo huo wa karakana tatu kuliko na picha ya kijana mmoja aliyezungukwa na mashine mpya za kuagizwa. Ujuzi wa kusubu, kukereza na kuchomelea tayari tunao. Kilichokosekana ni njia ya kuhamisha umbo sahihi kutoka kichwani mwa mtu mmoja hadi mikononi mwa mwingine bila kupotosha vipimo, na faili ya mchoro hufanya kazi hiyo vizuri kuliko maneno. Unapoanzisha karakana yako, kabla ya kununua printa ya pili, tembelea mafundi wa chuma waliokuzunguka, kaa nao, waulize ni kitu gani huwa wanakataa kukitengeneza na kwa nini. Orodha utakayotoka nayo ndiyo mpango wako wa biashara wa mwaka wa kwanza.

Wapo watakaosema kwamba njia hizi ni za vitu duni tu. Nawaomba watazame hadubini ya OpenFlexure, iliyobuniwa na watafiti walioanzia Cambridge na Bath, ambayo mwili wake huchapwa kwa plastiki na kuunganishwa na kamera ndogo, lenzi na kompyuta ya Raspberry Pi. Meza yake haitelezi juu ya reli. Inasogezwa kwa kupinda mbavu nyembamba za plastiki yenyewe, na kwa sababu hiyo husogea kwa hatua ndogo kuliko mikroni moja, yaani sehemu ya elfu ya milimita, usahihi ambao reli ya kuchongwa ya bei hiyo haiufikii. STICLab wameijenga hapahapa Dar es Salaam, na Taasisi ya Afya ya Ifakara imeshiriki katika kuijaribu kwa utafiti wa malaria. Michoro yake imeandikwa kwa OpenSCAD, nasi tuliijenga moja kwa ajili ya shule ya sekondari iliyo jirani yetu. Hata hivyo natoa tahadhari kwa moyo wote: hadubini ya kufundishia wanafunzi ni kitu kimoja, na kifaa cha kumpimia mgonjwa ni kitu kingine. Vifaa tiba nchini Tanzania husimamiwa na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na karakana isiyo na idhini haina ruhusa ya kuviuza, hata kama mchoro wake umetoka chuo kikuu na nia yake ni njema.

Kuhusu bei, vijana wengi hujinyima. Huhesabu gramu za plastiki na kusahau yote mengine. Umeme kwa kweli ni mdogo. Printa inayotumia wastani wa wati 120 ikichapa kwa saa nane inamaliza uniti moja tu. Kinachokula faida ni muda wa kupima na kuchora, vipande vinavyoharibika njiani, na nozeli na mikanda inayochakaa. Kwetu kipande kimoja katika kila kumi hakifai kupewa mteja, kwa hiyo gharama yake lazima ibebwe na vile tisa. Sisi hutoza saa ya mashine, tukaongeza saa ya mtu kwa kiwango kikubwa zaidi, na plastiki huja mwisho. Kwa kukatika kwa umeme, programu nyingi za printa zilizo huria zinao uwezo wa kukumbuka mahali kazi ilipofika, lakini kitanda, ile sahani yenye joto ambayo kipande hujengwa juu yake, kikipoa kipande huachia, basi kwa kazi za saa nyingi betri ya akiba ni ya lazima.

Limebaki suala la kutoa michoro yako mwenyewe, ambalo mafundi wengi huliogopa kwa hoja kwamba jirani atawaibia kazi. Naielewa hofu hiyo, na sijaidharau kamwe, kwa sababu mimi pia nilikuwa nayo na nilikaa na mchoro wa kiungo cha blenda kwa mwaka mzima bila kuutoa. Nilipoutoa, watu wawili mjini walianza kuvitengeneza, na mauzo yetu hayakupungua, kwa sababu mteja mwenye blenda iliyokufa asubuhi haendi Mbagala wakati sisi tuko Buguruni. Faida ilikuja kutoka upande ambao sikuutazamia. Fundi wa Iringa aliyepakua kiolezo chetu cha puli alikuta kwamba kitovu chake kinapasuka pale anapokata nafasi ya ufunguo wa shafti. Akakinenepesha kwa milimita nne, akazungusha mbavu tano badala ya nne ili mbavu isikae mkabala na nafasi hiyo, akaturudishia faili pamoja na picha za puli iliyopasuka na ile iliyodumu.

Ukitoa mchoro, toa na mambo ambayo wewe ulitamani ungeyapata: picha za kila hatua zilizopigwa mchana kwenye mwanga, majina ya vipande kama yanavyotamkwa dukani, makosa uliyoyafanya na namna yalivyoonekana, tarehe ya kila badiliko, na maelezo kwa Kiswahili. Maelezo karibu yote ya vifaa hivi yako katika lugha za mbali, na nimewaona mafundi wenye mikono ya dhahabu wakirudi nyuma kwa sababu ya ukurasa mmoja wasioweza kuusoma. Chapa nakala ya karatasi pia, iingize ndani ya plastiki na ibandike ndani ya mlango wa sanduku la mashine, kwa kuwa siku bodi itakapoungua huenda intaneti nayo isiwepo. Ndani ya sanduku la mashine yetu ya mbao kuna mchoro wa namna hiyo, wenye waya kumi na sita na rangi zake. Puli ya mahindi sasa iko katika toleo la nne, kwa shafti za milimita 20, 24 na 25, na mtu wa Iringa ameahidi kutuma la milimita 30 akimaliza kulijaribu msimu huu wa mavuno.